Matajiri wa magari nyumba huku kusini, upepo wa kusi sio uvivu wa dereva!

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Mtwara, nimekaa kibarazani, mikono inauma kuanzia viganja mpaka mabegani na hasira niliyonayo nisipoiandika leo sitalala. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie wenye magari makubwa ya kutembeza wageni, yale magari nyumba, motohomu, mnaoajiri madereva alafu mnataka kuendesha gari kwa simu mkiwa mmekaa ofisini.

Kwa wasiolijua, ni gari lenye vitanda, jiko, choo, tangi la maji, vyote humo humo. Hili ninaloendesha mimi limekuja used kutoka Uingereza, urefu mita 7 na ushee, kwenda juu karibu mita 3 kabla hujapandisha kitu kwenye keria, na ubavu wake ni bapa kama ukuta wa nyumba. Ukiligonga na kidole unasikia ni bati jepesi na povu ndani. Tani 3 na nusu watu wakiwemo. Fuso la urefu huo huo likiwa limejaa magunia ya korosho, mzigo wenyewe unalikandamiza chini, hili langu limebeba makabati na magodoro. Yani eneo kubwa la kupigwa na upepo, uzito mdogo wa kuuzuia. Hapo ndo shida yote ilipo na hapo ndo tajiri wangu hataki kuelewa.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Kilwa na wageni wawili, mzee na mkewe kutoka Ujerumani, watu wazima wa miaka sabini huko. Tumeondoka Kilwa Masoko saa mbili asubuhi tukafika Lindi saa sita. Njia nzima nilikuwa naangalia minazi, maana mnazi haudanganyi, makuti yote yamelala upande mmoja yamenyooka kama nywele zilizochanwa. Kusi hii, upepo wa kutoka kusini wa mwezi wa saba na wa nane, kila mtu wa pwani anaijua, lakini siku ile ilikuwa na dharuba, unatulia dakika mbili alafu unakuja kofi. Na wenyeji mnajua asubuhi kunakuwa na umande, yani upepo mwepesi unaotoka bara, bahari imetulia, jua likipanda upepo wa baharini unaongezeka juu ya ile kusi, saa saba mpaka saa kumi ndo kilele chake.

Nikasimama Lindi nikampigia. Nikamwambia bosi, upepo leo ni mkali, naomba tulale hapa, kesho saa kumi na mbili asubuhi natoka, saa tatu haijafika nipo Mtwara. Kilomita mia na kidogo tu! Wageni wenyewe walishakubali, yule mama alikuwa anataka akae ufukweni ale pweza. Jibu nililopewa nalinukuu kama lilivyo: "Gari tani tatu na nusu upepo utalifanya nini, mabasi si yanapita kila siku? Kama unaogopa upepo kashone nguo." Alafu akasema gari linatakiwa Mtwara saa kumi jioni, kuna wageni wengine wanaliangalia, nisipofika hela ya siku inatoka kwangu.

Mabasi. Wakuu, basi la mkoani lina tani zaidi ya 12 na abiria na mizigo ipo kwenye buti huko chini, unalifananishaje na hili?

Ngoja niwape hesabu maana nimeshachoka kuambiwa ni woga. Ubavu wa hii gari ni kama mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukikupiga ubavuni unakusukuma kwa nguvu ya kama kilo 130 hadi 150. Sasa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara NNE. Dharuba ya 60 ni zaidi ya kilo 300, ya 80 unazidi kilo 500, na hiyo nguvu haiji polepole, inakuja kwa mkupuo ukiwa kwenye lami yenye njia mbili na bega la barabara limeliwa. Kilo 500 zinakusukuma kuelekea kwenye njia ya wenzako alafu mtu yupo kwenye kiyoyozi anakwambia kashone nguo.

Na hizo 40 sijazitoa kichwani. Si mnasikia TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, wanavyotoa angalizo, upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wa pwani, wanataja Lindi na Mtwara kabisa. Wanafanya kazi yao nawashukuru. Ila sisi wa barabarani tukisikia mawimbi tunasema hilo la wavuvi. Barabara inapita hapo hapo pembeni ya bahari, upepo ukitoka majini unasimama wapi? Hata Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, maongezi yote ya barabarani yalikuwa maji, kwasababu njia ya Dar ilikatika kule Somanga, kuhusu gari refu kupigwa na upepo sikusikia dereva mwenzangu hata mmoja anaongelea. Huku kwetu ukimwambia mtu kagua upepo anajua ni upepo wa tairi.

Basi nikatoka Lindi saa nane mchana. Saa mbaya kuliko zote.

Unapoacha mji kuelekea Mingoyo kuna sehemu nyumba na minazi vinaisha ghafla, ghuba inafunguka kushoto kwako, hakuna kitu kinachozuia. Nilikuwa nimeshashusha spidi, natembea 50, mikono miwili kwenye usukani. Nikiwa bado nimekingwa na miti gari limetulia vizuri kabisa, ile pua inatoka tu kwenye kivuli cha miti tukapigwa. Usukani ukawa mwepesi, hapo ndo nilipoogopa kweli, sio ulikuwa mzito, ulikuwa MWEPESI, unazungusha unaona kama tairi za mbele hazigusi chini. Na sababu naijua, tajiri amefunga chuma nyuma kabisa ya gari amebeba baiskeli mbili na jenereta. Mkia wa hii gari ni mrefu umepita ekseli ya nyuma zaidi ya mita 2, ukiweka uzito kule mwisho unainua mbele kama pembea ya watoto. Kule juu kwenye keria kuna viti, meza na mtumbwi wa plastiki. Nilishamwambia mwezi wa sita, vitu vizito vishuke chini katikati ya ekseli, akasema ndani patabana wageni.

Alafu likaja basi. Silitaji jina, yenyewe yanajijua. Linaniovateki kulia, spidi sio chini ya 90, kanipita nafasi ya mkono mmoja. Mnaoendesha magari marefu mnajua kinachotokea, pua ya basi ikifika usawa wako inakusukuma kwanza nje, alafu ubavu wake ukiwa sambamba na wewe inakuvuta ndani. Sasa upepo wa baharini nao unatoka kushoto unanisukuma huko huko kulia. Vitu viwili vinanipeleka kwenye ubavu wa basi kwa wakati mmoja. Makabati yakafunguka nyuma, nikasikia sahani zinaanguka moja moja, yule mama akaita jina la mumewe mara moja tu alafu kimya. Sikupiga breki ya ghafla, sikuukata usukani kwa nguvu, maana ukiukata kwa nguvu basi likishapita ile nguvu ya kulia inapotea unajikuta unaenda mwenyewe kwenye mikoko. Nikaachia mafuta, nikarudisha kidogo kidogo, vidole vimekufa ganzi. Niliona rangi ya basi kwenye saidi mira imejaa kioo chote.

Lilipopita tu ndo nikasikia mluzi. Ule mluzi bado nausikia hata sasa hivi. Ni turubai la kivuli, lile la kuzungusha linalokaa kwenye boksi ubavuni kushoto juu. Lachi yake ya mbele imelegea tangu mwezi wa tano, nikawa nalifunga kwa kamba ya manila mizunguko mitatu, tajiri akaikata kwa mkono wake akasema inaharibu muonekano kwenye picha. Upepo ukaingia chini ya boksi, likapiga mluzi, likanyanyuka, turubai lote likachomoka likafunguka kama tanga katikati ya barabara. Mkono wake wa chuma ukavunjika ukarudi ukapasua dirisha la jikoni. Na ile mita 3 za turubai limetanda ubavuni likaanza kutuvuta gari zima. Nikawasha hazadi, nikaingia pembeni taratibu, namshukuru Mungu kulikuwa na sehemu ya kuchepuka. Mzee wa Kijerumani ana vipande vya kioo kwenye shati, hajakatwa. Vijana wawili wa bodaboda walisimama bila kuitwa wakanisaidia kulikunja na kulifunga, tumelilalia kwa vifua ndo likatulia. Nilisimama pale mpaka karibu na magharibi, pua ya gari nimeielekeza kwenye upepo. Kama hamjui, usipaki gari la hivi ubavu ukitazama upepo, na funga vile vidirisha vya juu ya paa vyote kabla havijang'olewa.

Nimefika Mtwara saa tatu usiku. Sijaulizwa kama wageni wazima. Nimeulizwa turubai liko wapi. Jana nimepewa karatasi, turubai na dirisha laki nane na nusu, nakatwa kwenye mshahara mpaka iishe, sababu iliyoandikwa ni UZEMBE WA DEREVA.

Uzembe upi? Wa kuomba tulale? Wa kufunga kamba?

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa mashua Mikindani. Sijawahi kuona tajiri wa mashua akimpangia nahodha saa ya kutoka kukiwa na upepo. Mwenye chombo anakuja pwani, anamwangalia nahodha, nahodha anaangalia juu, akisema leo hatutoki basi mzigo unarudi ghalani na hakuna anayemwita mwoga. Na yule akizidiwa baharini anashusha foromali, ule mti unaoshika tanga, anatua tanga, mchezo umeisha. Mimi huu ukuta wa mita 7 naushushaje? Kitu pekee ninachoweza kupunguza ni spidi, na kuchagua saa ya kutembea. Hivyo viwili tu ndo tanga langu, na vyote viwili ananipangia mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa hii gari hata kulitoa getini.

Na madereva wenzangu wa mabasi nawaomba, sio kwa ubaya, mkiona gari refu jepesi linatembea 50 sehemu ya wazi msilipigie honi, msilipite kwa kulibana, subirini mfike penye miti au kilima kilichochongwa, au piteni mbali na mpunguze. Pale daraja la Mkapa Rufiji ni karibu kilomita 1 nzima uko juu ya mto hauna pa kujificha, mtu anakupita katikati ya daraja kwa 90, kwa sababu gani?

Nyongeza: kuna mdau amesema ningejaza tangi la maji gari liwe zito. Mkuu uko sahihi nusu. Tangi likijaa kabisa na likiwa chini linasaidia, mimi natembea nalo limejaa nikijua kuna upepo. Likiwa nusu ndo baya, maji yanacheza upande upande yanaongeza kuyumba. Na tairi nilipima asubuhi zikiwa za baridi, zilikuwa sawa. Kwahiyo hapana, haikuwa hilo.

Nyongeza ya pili: wanaouliza nimeamuaje. Kesho kutwa anataka nipeleke wageni wengine Kilwa, tuondoke saa saba mchana baada ya wao kula. Nimemwandikia ujumbe leo saa kumi na moja jioni kwamba naondoka saa kumi na mbili asubuhi, baiskeli na jenereta vinabaki, boksi la turubai ninalifunga kwa kamba na hiyo kamba haikatwi, na nikiona makuti yamelala nalala Lindi. Kama hataki, funguo ziko kwa mlinzi. Ameusoma, hajajibu.