Nimeitwa kugawa karata meza ya dau kubwa: niache kazi ya kasino?

ZamuYaUsiku
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni dila wa poka hapa Kampala, mwaka wa tatu sasa katika kasino moja. Mshahara 650,000, mkononi nabaki na 520,500. Bakshishi zinaingia boksi la pamoja na kugawanywa kila Jumatatu. Mwezi mzuri napata kama 250,000. Sasa nimeitwa sehemu nyingine, meza moja tu, dau kubwa. Anayekaa hapo haji na chini ya milioni 5. Naambiwa usiku mmoja nitatoka na 400,000, siku nne kwa wiki. Na hapa nilipo nimechoka: wiki jana mteja kanirushia karata usoni, msimamizi akamwomba radhi yeye. Bakshishi za dau kubwa zikoje hasa? Natakiwa kujibu Ijumaa.

Hesabu_Kamili
Dada, dau likikua bakshishi haikui nalo. Mchezaji hatoi asilimia, anatoa chipu kwa mkono, yaani raundi, alioshinda. Aliyevuta 100,000 na aliyevuta milioni 3 mara nyingi wanakurushia chipu ileile ya 5,000. Halafu meza kubwa ni ya polepole. Hold'em, ile poka ya kawaida, dila mwepesi anagawa mikono 30 kwa saa. Dau likipanda mtu anafikiri dakika nzima kabla ya kulipa, unashuka hadi 20. Ondoa mikono inayoisha kabla ya flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani), ambayo kwa desturi haina bakshishi. Tuseme inabaki 12. Kila mshindi akitoa 5,000, na si wote hutoa, ni 60,000 kwa saa. Kufika 400,000 unahitaji karibu saa 7 za kugawa mfululizo.

Mpita_Malaba
Marekani kwenye vyumba vingi vya poka dila anaweka bakshishi zake mwenyewe, tofauti na meza za blakijeki ambako zinachangwa pamoja. Meza kubwa mara nyingi nyumba haikati fungu lake kwenye poti (pesa zilizowekwa katikati ya meza), kila kiti kinalipa ada kila nusu saa. Na tangu 2018 sheria ya nchi nzima inawakataza mameneja na wasimamizi kujichukulia bakshishi za wafanyakazi. Uingereza nao wana sheria ya kugawa bakshishi kwa haki, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024.

Nakawa_Mjini
Chakula na usafiri wanatoa? Boda ya saa kumi usiku ukiijumlisha kwa mwezi ni mshahara wa mtu. Waulize hilo kabla ya chochote.

BomboJuu
Mwanangu, kamari Mola ameiharamisha, soma Surat al-Maida aya ya 90. Hata mshahara wake hauna baraka. Tafuta kazi ya keshia dukani, mikono yenye kasi kama yako haikosi kazi.

Karani_Mstaafu
Wote mmekimbilia pesa. Nyabo, umeandika "sehemu nyingine". Hukuandika kasino. Ni wapi? Leseni ya Bodi ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha iko ukutani? Mshahara wa msingi ni kiasi gani kabla ya bakshishi? Na nani anakupokea zamu?

ZamuYaUsiku
Ni watu wa heshima, wengine nawajua kutoka kazini. Mazingira ni mazuri kuliko hapa.

Karani_Mstaafu
Hujajibu hata moja.

ZamuYaUsiku
Sawa. Ni nyumbani kwa mtu, Muyenga. Mshahara wa msingi hakuna, ni bakshishi tu. Dila ni mimi peke yangu. Mwenye nyumba naye anacheza. Yeye ndiye anayetunza boksi la bakshishi mpaka asubuhi, anatoa theluthi ya vinywaji na usafi, zinazobaki ni zangu. Lakini jamani, si kwamba ni wahuni. Ameshanipa 1,500,000 ya kuanzia, na 600,000 nimelipia kodi ya nyumba. Kazini nimemwambia msimamizi kwa mdomo kwamba naondoka. Kwa hiyo sijaja kuuliza niende au nisiende, nauliza bakshishi.

Hesabu_Kamili
Basi hesabu imebadilika. Zile 60,000 toa theluthi, inabaki 40,000. Hizo 400,000 sasa ni saa 10 mezani bila kuinuka. Hayupo binadamu anayegawa saa 10 bila kosa. Kasino inakutoa mezani kila baada ya nusu saa au dakika 40 kwa sababu hiyo: dila akichoka karata inageuka mkononi, anasahau kuchoma karata (kuweka ya juu kando) kabla ya flopu, anasukuma poti kwa mkono ulioshindwa. Na poti ikishachanganyika na chipu za mtu, bila kamera huwezi kuirudisha. Kasino wanatazama picha, wanarekebisha. Muyenga wataangalia nini? Watakuangalia wewe.

DilaWaZamani
Niongeze kuhusu kurushiwa karata. Utaratibu ni huu: mkono mmoja unabaki juu ya deki ya karata, mwingine unauweka wazi mezani, husemi neno kwa mteja, unaita "msimamizi!" kwa sauti ya kusikika. Karata zilizorushwa huziokoti mpaka aje, ili kamera ione zilipoangukia. Zamu ikiisha andika tukio, saa na namba ya meza, ubaki na nakala. Msimamizi wako alikosea, lakini kwake kuna mtu wa juu wa kumlalamikia. Pale nyumbani wa kumwita ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana karata mkononi. Poti yake ikigombewa atahukumu vipi?

Kijiti_Moto
Mimi siamini uzi huu. Akaunti imefunguliwa juzi. Dila wa miaka mitatu anafundishwa hesabu ya bakshishi na watu wa mtandaoni? Jibu hili bila kuuliza mtu: wachezaji watatu wameweka chipu zao zote, A 200,000, B 500,000, C 900,000. Poti ngapi, na unalipa ipi kwanza?

Nakawa_Mjini
Hata mimi nilishtuka. Milioni 5 kwa kiti, halafu dila analia na kodi ya nyumba?

Mpita_Malaba
Kwani dila anacheza yeye? Pesa ya mezani si yake. Hilo halimfanyi mwongo.

ZamuYaUsiku
Poti kuu 600,000, wote watatu wanaigombea. Ya pembeni 600,000, ni ya B na C. 400,000 inarudi kwa C papo hapo, haina wa kuilinganisha. Nalipa ya pembeni kwanza, ndipo kuu, na karata za A sizigusi mpaka mwisho. Nikitoka mezani nageuza viganja juu na chini, kamera ione sijabeba chipu. Hata nyumbani nikiinuka kwenye chakula nafanya hivyo, watoto wa dada wananicheka. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu wa kazi wanaijua.

Kijiti_Moto
Samahani dada. Jibu ni sahihi.

Karani_Mstaafu
Turudi kwenye kazi. Sheria ya michezo ya kubahatisha ni ya 2016, na kuendesha kasino bila leseni ni kosa. Polisi wakiingia usiku, wachezaji watasema walikuja kula. Deki itakuwa mkononi mwako.

Kazini hujaandika barua, kwa hiyo hujaacha kazi. Kesho mwambie msimamizi umefuta kauli, kwa maandishi. Ukiamua kuondoka kweli, kwa miaka mitatu unadaiwa taarifa ya mwezi mmoja, ndivyo Sheria ya Ajira ya 2006 inavyosema. Ukiwa hapo angalia NSSF kwenye simu yako: asilimia 5 yako ni 32,500, ya mwajiri asilimia 10 ni 65,000. Kila mwezi ziingie 97,500. Muyenga sifuri. Na ukizidisha saa 8 kwa siku, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Je, wanakulipa hivyo? Hapo ndipo pa kudai.

ZamuYaUsiku
Saa za ziada hawajawahi kulipa. Sikujua ni haki. Ila hiyo 1,500,000 nafanyaje? Nimebaki na 900,000.

Hesabu_Kamili
Zirudishe hizo 900,000 leo. Tuma kwa simu, usipeleke taslimu, na kwenye ujumbe uandike "narudisha sehemu ya malipo ya awali, bado 600,000". Bakshishi zako ni 250,000 mwezi mzuri. Ahidi 100,000 kwa mwezi, miezi sita. Usiahidi zaidi ya hapo.

ZamuYaUsiku
Nimetuma. Amejibu: "Njoo Jumamosi tuongee."

DilaWaZamani
Usiende. Mwandikie hapo hapo tarehe ya 100,000 ya kwanza, na uhifadhi jibu lake.