Nimechoka na hizi hadithi za "risasi ya kiume". Wanaochagua kaliba sio wanaoibeba!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana kijiweni tulibishana kuhusu kaliba, yaani upana wa risasi, na jamaa kanishikia bango kwamba "7.62 ni 7.62 tu, ya SMG inaingia kwenye G3, na ndiyo risasi ya kiume. Hiyo 5.56 ni ya kupigia njiwa." Watu wakacheka, mimi nikaonekana kituko.

Haya, chukua rula ya mtoto wa shule. Ganda la risasi ya SMG, yaani AK, lina urefu wa milimita 39. La G3, bunduki ya Kijerumani, ni 51. Linatoshea wapi? Tena ganda la AK limechongoka kuelekea mbele, ndiyo maana magazini yake imepinda kama ndizi. Ile namba inakuambia upana tu. Baruti iliyo nyuma ya kichwa haikuambii.

Ila huyo namsamehe, alikuwa anapiga soga. Wanaonichefua ni wakubwa waliokuwa na majibu mezani wakayatupa.

Mwaka 1928 Wamarekani walichukua nguruwe, wakawalaza kwa nusukaputi, wakawapiga risasi za kaliba tatu ili waone ipi inajeruhi vipi. Ndogo hazikuonekana nyonge hata kidogo. Pendekezo likawa inchi 0.276, kama milimita 7 hivi. John Garand akatengeneza bunduki ya kaliba hiyo, inabeba risasi 10. Mwaka 1932 Douglas MacArthur, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akasema hapana, tunabaki na 0.30. Maghala yamejaa, bombomu zote zinatumia hiyo, na uchumi umelala. Garand akarudi kuchora upya, zikaingia 8. Sawa, njaa ni njaa, hapo sina ugomvi sana.

Ugomvi wangu ni baada ya Vita Kuu ya Pili. Wajerumani walishaona kwamba askari wa miguu hapigani kwa mita elfu moja, wakafupisha ganda lao hadi milimita 33 wakapata bunduki ya StG 44. Warusi nao wakaanza 1943, wakaishia kwenye hiyo ya 39. Waingereza wakakaa, wakapima, wakapata inchi 0.280, na bunduki yake EM-2 ikapitishwa rasmi Aprili 1951. Wamarekani wakagoma: lazima iwe inchi 0.30, lazima iwe na nguvu kama ya zamani. Churchill aliporudi kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka huohuo, EM-2 ikazikwa. NATO nzima ikameza 7.62 kwa 51, yaani ile ya G3.

Halafu sikilizeni kituko. Haohao waliolazimisha wenzao wakatengeneza bunduki ya M14, wakaipa uwezo wa kumwaga risasi mfululizo, na ukiiachia hivyo mtutu unapanda juu kama mbuzi aliyekatika kamba. Ndani ya miaka michache uzalishaji ukasimamishwa, wakahamia 5.56! Wenzao wakabaki na mzigo. Risasi moja ya 7.62 ya NATO ina uzito wa gramu 24 hivi, ya 5.56 kama 12. Beba 200 upandishe mlima, halafu urudi kuniambia habari za uanaume.

Na hata hiyo 5.56, na bunduki yake M16, waliiharibu. Walibadilisha aina ya baruti, chemba ya mtutu haikupakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikawa haba kwa sababu watu waliaminishwa bunduki haihitaji kusafishwa sana. Vijana wakafika Vietnam, maganda yanakwama, unachokonoa kwa ufito huku adui anakuja. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao ilisema usimamizi wa mradi ule ulikaribia uzembe wa jinai. Wangapi walifungwa? Sijasikia hata mmoja.

Msidhani ni mambo ya Wazungu kwa Wazungu tu. Wafaransa walipotoa bunduki ya milimita 8 yenye baruti isiyo na moshi, 1886, Ulaya nzima ikakimbilia mitutu myembamba, Wajerumani wakiwemo, mwaka 1888. Lakini vita vya Tanga, Novemba 1914, askari weusi wa Mjerumani wengi wao walikuwa bado na Mauser ya 1871, mtutu wa milimita 11, baruti ya moshi. Fyatua moja tu, wingu linapanda juu ya kichwa chako kuonyesha ulipolala. Miaka 26 baadaye! Berlin walijua. Na bado babu zetu walishinda siku ile, wakaokota bunduki mpya za Waingereza kwa mamia.

Mwaka 2022 Wamarekani wamechagua tena. Milimita 6.8! Miaka 90 kamili tangu MacArthur aikatae ya 7, wamerudi mlemle, ila safari hii wamejaza baruti ya kufa mtu. Magazini inachukua 20. Askari aliyekuwa anatembea na risasi 210 sasa anabeba 140, na mgongo unauma vilevile.

Mwenye hoja akaribie. Yule wa "7.62 ni 7.62" naye aje, ila aje na rula.