Tupeane uzoefu: uliwahi kukosoa insha ya mwenzio isiyo na ushahidi?

Mwana wa Wete
Assalaam alaykum jamani. Nasoma chuo hapa Unguja, mwaka wa pili. Mwalimu katubadilishia insha, kila mmoja amkosoe mwenzake. Mie nikaangukia ya rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja. Anaeleza kwa nini karafuu nyingi zinatoka Pemba. Sababu yake: watu wa Unguja wavivu, "kila mtu anajua". Kurasa tatu, hamna mwaka hata mmoja, hamna kitabu, hamna mzee aliyeulizwa.

Mpemba mimi, ningeweza kuzipokea sifa nikanyamaza. Lakini Unguja ndiyo iliyokuwa mbele kwa karafuu mpaka kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia vile. Uvivu unaingia wapi hapo? Nikamwandikia pembeni "Umejuaje?" mahali saba, na chini aya nzima ya kimbunga hicho. Siku ya pili leo hatuli sahani moja. Nyie mlifanyaje?

Mwalimu mstaafu, Mkoani
Mwanangu, swali lako ni sahihi, lakini mara saba ni kumpigia mtu kelele. Nilipokuwa skuli nikiwaambia wanafunzi: tafuta sentensi moja iliyobeba insha nzima, uiulize hiyo tu. Yake ni ile ya uvivu. Ikianguka hiyo, nyengine zinaanguka zenyewe.

Bintipwani
Mie nilikuwa upande wa kukosolewa. Niliandika kwamba wanawake wa Paje wanaacha mwani kwa sababu hoteli zinalipa vizuri zaidi. Nilikuwa na uhakika kabisa, na sijawahi kukanyaga shamba la mwani maishani mwangu. Mwenzangu darasani akaandika chini: "Mama yangu analima mwani. Wewe ulizungumza na nani?"

Nililia, wallahi. Nikaona kanidhalilisha. Halafu hasira zikaniishia, nikamwomba anipeleke kwao. Tukangoja bamvua, maji yakikupwa tukashuka na mama zake. Wakanionyesha kamba wanazofungia mwani. Mwani wa kotonii, ule wenye bei, unawafia maji yakipata moto, unabaki wa aina ya spinosamu ambao bei yake ndogo. Mmoja kweli kaenda hotelini. Wengine wawili wanausaga wanatengeneza sabuni. Mmoja akaniambia haachi, kwa sababu akiwa na pesa yake ya mwani hamuombi mtu. Nilirudi na kurasa nne za daftari na mgongo unaniuma siku mbili. Insha ya pili niliiandika upya yote, na yule dada ndiye niliyempa aisome kwanza.

Kijana wa Chake
Na mkosoaji naye awe na ushahidi unaojibu hoja. Mwenzangu aliandika Pemba imehamwa, watu wote wamekimbilia Unguja na Dar. Nikamrushia sensa ya 2022: Pemba watu 543,441, kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima, na idadi imepanda kuliko sensa ya 2012. Nikadhani nimemaliza. Akanijibu kwa upole: idadi inaweza kupanda kwa uzazi huku vijana wanaondoka. Kweli. Nilikuwa nimethibitisha kwamba Pemba haijawa tupu, lakini habari ya wanaohama sikuigusa kabisa. Nilimwomba radhi mbele ya darasa.

Mwana wa Wete
Ahsanteni sana, na mwalimu nimekusikia. Jana usiku rafiki yangu kanirudishia karatasi. Maneno ya "kila mtu anajua" kayakata kwa kalamu. Pembeni, penye aya yangu ya kimbunga, kaniandikia: "Na wewe umejuaje?"

Nimekaa nayo mpaka alfajiri. Nilisikia kwa babu, barazani, nikiwa mdogo. Kitabu sikufungua. Habari ni ya kweli, lakini katika ukurasa wangu imesimama vilevile kama uvivu wake ulivyosimama. Asubuhi nikamwambia hivyo, akanimiminia chai. Jumatatu tunakwenda sote kwenye nyumba ya nyaraka za kale, Kilimani, kutafuta kimbunga hicho kimeandikwa wapi.