Tupeane uzoefu: uliwahi kumkera mteja kwa matangazo ya biashara yako? Ulijirekebisha vipi?

#1 (mwanzisha uzi)
Wadau habari zenu. Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu, acha nianze mimi. Nashona mikoba kwa mkono na nauza mtandaoni tu, sina fremu. Mwaka wa kwanza nilikuwa natuma picha kwa kila namba iliyo kwenye simu yangu, ndugu, majirani, niliosoma nao, hata daktari aliyewahi kunitibu, asubuhi na jioni, na nilikuwa naamini huko ndo kuchakarika kwenyewe. Sasa siku moja nikatuma ofa ya wikiendi saa moja asubuhi, binamu yangu akanijibu maneno matatu tu, "dada, leo nazika". Nilikuwa sijui kama amefiwa. Nikampigia kumpa pole na kumwomba radhi, akanipokea vizuri tu, ila toka hapo nikaelewa kwamba kumbe nilikuwa naingia kwa watu bila kupiga hodi.

Nikafuta orodha yote. Nikamwandikia mtu mmoja mmoja: nashona mikoba, ungependa nikutumie picha mzigo mpya ukitoka, ukisema hapana sitauliza tena. Waliosema ndio hawakufika arobaini na roho iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimezoea kuhesabu mia mbili na kitu. Lakini hao wachache ndo wananunua, wanauliza rangi, wanaleta dada zao. Wale wengine walikuwa wananivumilia tu. Haya fungukeni na nyie.

#2
Asante kwa uzi dada. Mimi kosa langu lilikuwa magrupu. Nauza nguo za watoto, nikafungua grupu la WhatsApp nikaanza kuwaingiza wateja bila kuwauliza, mtu akishanunua tu namba yake naitupia humo. Kuna mama mmoja akanifuata inboksi kwamba kuna mwanaume asiyemjua kachukua namba yake kwenye grupu langu na anamsumbua usiku. Hapo ndo nilishtuka, maana ukimwingiza mtu kwenye grupu namba yake umeianika mbele ya wote waliomo, na mimi huyo mama alinipa namba kwa ajili ya kupokea mzigo wake basi, hakunipa ya kuisambaza.

Nilivunja grupu siku ileile, nikahamia brodikasti. Kwa wasioijua, unatengeneza orodha (mwisho watu 256), ujumbe unamfikia kila mtu peke yake, akijibu unaona wewe tu, na kikubwa ni kwamba haumfikii kabisa mtu ambaye hajasevu namba yako. Wengine wanalalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi naona ndo uzuri wake, aliyenisevu kanikubali. Na kama wewe ni mteja umechoka kuingizwa ingizwa, toka 2019 kuna mpangilio kwenye sehemu ya faragha ya WhatsApp, unachagua nani anaweza kukuunganisha kwenye grupu.

#3
Mimi nanunua tu, siuzi. Naomba mniondolee hii ya "bei njoo inboksi". Nakuja, unaniuliza naitwa nani, niko wapi, unanitumia picha kumi ambazo sijaziomba, halafu bei ukiitaja sina hiyo hela, na kuanzia hapo kila wiki unanikumbusha. Andika bei pale chini ya picha nijipime mwenyewe.

#4
Namuunga mkono #3 japo nilikuwa mtu wa inboksi mimi. Nilikuwa naogopa washindani wangu wataona bei washushe. Lakini mshindani akitaka bei yako si anajifanya mteja tu anaipata! Niliyekuwa namficha ni mteja wa kweli. Nilipoanza kuandika bei wazi wanaonifuata walipungua, ila sasa anayekuja anakuja na saizi yake kabisa, tunamalizana kwa meseji tano.

#5
Upande wa barua pepe sasa. Nauza violezo vya kalenda na mialiko, na watu wakipakua cha bure wanaacha anwani. Nikawa natuma kila siku, na kile kiungo cha kujitoa nimekiweka chini kabisa kwa herufi ndogo za kijivu ili wasikione. Niseme ukweli, nilifanya makusudi. Kilichotokea ni kwamba mtu akikosa pa kutokea anabonyeza kitufe cha kuripoti spamu (yaani barua taka), na wakifanya hivyo wengi barua zako zinaanza kutupwa spamu hata kwa wale wanaozisubiri. Wateja wangu wazuri kabisa wakawa wananiuliza mbona kimya.

Tena toka Februari 2024 Gmail na Yahoo wameweka masharti kwa wanaotuma barua nyingi, zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail, kwamba mtu aweze kujitoa kwa kubonyeza mara moja na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Mimi sifiki huko hata kidogo, lakini hesabu ya 0.3 ilinifumbua macho, ni watu 3 tu kwenye 1,000! Saa hii kiungo cha kujitoa kiko juu kabisa, natuma mara mbili kwa mwezi, na nikitaka kutuma najiuliza kwanza kama kuna kitu cha kumfaa hata asiponunua.

#6
Mimi nauza mbegu za maua na vyungu. Nilikuwa naweka tangazo chini ya posti za watu wengine, mtu kaposti ua lake linakufa, ana huzuni, mimi nambandikia namba ya simu. Admini mmoja akaniondoa na alikuwa sahihi. Nikarudi baada ya miezi, safari hii najibu maswali tu, punguza maji, toboa chungu chini, lisogeze dirishani, siweki namba. Watu wenyewe wanabonyeza wasifu wangu wanakuta ninauza. Inachukua muda jamani, miezi minne ya kwanza sikuuza chochote kupitia huko, lakini sasa ndo njia yangu kubwa.

#7 (mwanzisha uzi)
Nimesoma yote, asanteni kwa ukweli wenu, hasa #5. Naomba msaada: mtu alikubali mwenyewe, ila ana miezi sita hafungui wala hajibu. Mnamfanyaje?

#8
Mimi namtumia meseji moja tu isiyo na picha wala ofa: "Habari, niendelee kukutumia au nikutoe kwenye orodha?" Akikaa kimya wiki mbili namtoa. Mwezi uliopita niliwatumia kumi na tisa. Wanne walisema niendelee, mmoja akasema nimtoe na akanishukuru kwa kumuuliza, waliobaki nimewatoa.