Mishkaki inaungua nje, ndani damu. Jumamosi nina wageni, nisaidieni

Darajani_Kijana
Assalam alaykum wana jukwaa. Jumamosi nina shughuli nyumbani, watu kama 25, na nataka kuchoma mishkaki ya mbuzi mwenyewe. Jiko nimetengenezesha kwa fundi: pipa la lita 200 limekatwa kwa urefu, miguu minne, kifuniko, matundu matatu ubavuni. Nyama inakuwa nyeusi nje, ukiikata ndani damu. Ikifika nusu saa makaa yanafifia, nikiyamwagia mafuta ya taa yanaamka lakini nyama inanuka taa. Nakosea wapi? Na tafadhali asinambie mtu ninunue jiko la gesi, pesa imeshakwenda.

Seredani_Kuu
Wa alaykum salaam. Unaweka nyama juu ya ndimi za moto. Mishkaki huchomwa kwa makaa yaliyokwisha kuwaka, si yanayowaka. Subiri mpaka kaa lote livae majivu meupe, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Weka kiganja juu ya wavu kama sentimita 12: ukishindwa kabla ya kuhesabu tatu, moto ni mkali mno. Ukifika nne au tano, ndio wa mbuzi.

Mafuta ya taa acha kabisa. Ukiyamwaga kwenye kaa la moto yanageuka mvuke kwanza, kisha mvuke unashika kwa pamoja na moto unapanda mpaka kwenye kopo ulilolishika. Petroli ndiyo usiitaje. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, la kilo 2.5, litoboe chini na pembeni karibu na kitako. Liweke juu ya mawe matatu, jaza makaa, chini yake choma kumbi kavu la nazi na karatasi mbili. Moto unapanda wenyewe. Kopo hilo huchukua makaa kilo moja na kidogo, kwa hiyo andaa mawili.

Kisha usitandaze makaa pipa zima. Yasogeze upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Mishkaki inapata rangi kwenye moto halafu inahamia upande mtupu, unafunika, inaiva ndani. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, ihamishe. Usimwage maji, mvuke utakuunguza mkono na majivu yatapanda kwenye nyama.

Fundi_Bati
Pipa lilibeba nini kabla? Kama ni mafuta ya kula, sawa. Kama ni dawa au kemikali, hilo si jiko tena. Na kabla ya chakula cha mwanzo lazima liunguzwe tupu kwa kuni zaidi ya saa nzima mpaka rangi ya ndani itoke, lisuguliwe, lipakwe mafuta ya kula.

Wavu je? Ule wa kufugia kuku unaong'aa umepakwa zinki. Moto mkali unaitoa zinki kama moshi, ukiuvuta unapata homa. Tumia nondo nyembamba au chuma cha pua.

Matundu matatu ni machache, na kama yako chini kabisa majivu yanayaziba. Yawe sita, sentimita tano juu ya kitako. Ndani weka wavu mdogo wa kubebea makaa ili majivu yaanguke chini. Makaa yanayofifia mapema mara nyingi yamejifunika kwa majivu yake.

BintiWete
Mmeruka kwenye moto, nyama hamjaiuliza. Mbuzi mzima au mchanga? Mkate vipande vya sentimita 3, vilingane. Kilo moja: papai bichi la kusaga kijiko kimoja cha chakula, thomu, tangawizi, ndimu, pilipili manga, bizari nyembamba. Papai lisizidi saa mbili, likizidi nyama inachomoka kwenye kijiti. Chumvi tia karibu na kuchoma. Vijiti vya mbao viloweke nusu saa, na usivisonge, acha nafasi ya unyoya kati ya vipande. Hiyo pia ni sababu ya kutoiva ndani. Rojo iliyolaziwa nyama mbichi usiipake juu ya iliyoiva, labda uichemshe kwanza.

Karafuu_Kavu
Na makaa hayo ya wapi? Watu wanakata mikoko, bahari inakula ardhi, halafu tunaulizana kwa nini visima vina chumvi. Kama huna budi, nunua ya mti wa kupandwa, au tumia vifuu vya nazi. Vinawaka vizuri na havina lawama.

Kibaraza
Taja nyumba tuje tuonje, tatizo tutalijua huko huko.

Darajani_Kijana
Ahsanteni. Pipa lilikuwa la mafuta ya kula. Majivu natoa kila mara. Nafikiri tabu ni upepo, pale lilipo hakuna upepo kabisa, ndio natumia feni kuyapuliza. BintiWete, papai nilikuwa nalaza usiku kucha, nimeelewa.

Seredani_Kuu
Feni ya umeme? Unguja hii, msimu huu, ukose upepo? Jiko limekaa wapi?

Darajani_Kijana
Nyumbani tu, sehemu ya wazi. Suala langu ni makaa.

Seredani_Kuu
Wazi juu au wazi pembeni? Jibu hilo kwanza.

Darajani_Kijana
Basi. Ni ghorofa ya pili, Mji Mkongwe. Ukumbini, karibu na roshani. Roshani imezibwa kwa vioo tangu zamani. Nje masika haya mvua haiachi, na jirani wa chini keshalalamika moshi. Lakini msije juu: madirisha mawili nayafungua kidogo, AC inafanya kazi, na ndoo ya maji ipo pembeni ya kuvuta hewa mbaya. Moshi wenyewe ukishaisha, ndani hamna hata harufu. Na mbona udi tunafukiza ndani kila siku?

Zamu_ya_Usiku
Ondoa jiko hilo ndani leo, kisha soma.

Makaa yakiwaka yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Moshi ukiisha ndio watu wanadhani salama imefika, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa vilevile, na yakikosa hewa ya kutosha yanaitoa zaidi. Ikiingia mapafuni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, halafu usingizi. Aliyelala hajui kitu.

AC ya ukutani inazungusha hewa ileile ya chumba, haileti mpya. Maji hayainyonyi, karibu haiyeyuki majini. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kwa kilo tatu za makaa. Feni inakusaidia kuitawanya vyumbani. Chetezo ni kaa moja kwa dakika chache, hesabu nyingine kabisa, na hata hicho usikiache chumba kilichofungwa.

Nani mwingine yumo ndani?

Karafuu_Kavu
Na jirani ana haki yake, bwana. Moshi wa mtu kumwingilia mwenziwe si jambo dogo.

Darajani_Kijana
Mama mtoto na mtoto, chumba cha pili. Mlango tunaufunga na chini tunaziba kwa khanga. Jumamosi mtoto anatimiza siku 21, shughuli ni akika yake. Mama kichwa kinamuuma na anatapikatapika tangu jana nilipojaribu jiko, lakini wazee wanasema mzazi hukosa usingizi. Wageni nimeshawaalika, siwezi kurudi nyuma.

Zamu_ya_Usiku
Akika hairudi nyuma, jiko ndilo linatoka. Hewa hiyo inapita chini ya mlango, kwenye nyufa na kwenye dari la boriti. Khanga haiizuii. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo anaimeza zaidi.

Watoe wote nje sasa hivi, wapelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, na useme neno "makaa" mlangoni. Usiposema watamtibu kama mwenye malaria au uchovu. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakiitofautishi na sumu hii, kinaweza kusoma 98 wakati damu imejaa sumu, kwa hiyo namba nzuri isikurudishe nyumbani. Kwa hewa ya kawaida sumu inapungua nusu kwa saa nne hadi sita, kwa oksijeni ya barakoa kwa saa moja hadi moja na nusu. Na wewe pia upimwe, ulikuwa karibu na jiko kuliko wote.

BintiWete
Ya Rabi. Mzazi wa wiki tatu na pipa la moto ukuta wa pili! Mwanangu, nenda kwanza, uzi utakungoja.

Kibaraza
Mie hii nasema ni chai, tena ina hiliki. Kwanza "sehemu ya wazi", mara roshani ya vioo. Kwanza "wageni", mara mtoto mchanga. Na hebu nambieni, pipa la lita 200 lilipandaje ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe? Ngazi zile mtu akibeba godoro anaita majirani. Mleta mada anatunga ili tumjibu.

MkoaniKwetu
Nami niliona. Watu siku hizi wanatunga visa, tunapanda presha bure.

Fundi_Bati
Ngazi si hoja. Pipa hilo lina urefu wa sentimita 88 hivi na upana 58. Ukilikata kwa urefu, kila nusu ina kina cha sentimita 29. Miguu ikiwa ya bolti inafunguliwa. Nusu inasimamishwa inapita kwa ubavu, hata kwenye ngazi ya sentimita 70. Kifuniko kinafuata peke yake. Linapanda bila taabu.

Kibaraza
Na kona ya ngazi?

Fundi_Bati
Kwenye kona unalisimamisha wima, unalizungusha. Kabati linapita, sembuse nusu pipa.

Zamu_ya_Usiku
Iwe chai, iwe kahawa, jibu ni lilelile. Masika haya yupo mwengine anayesoma hapa na jiko lake liko koridoni.

Darajani_Kijana
Nimerudi. Kibaraza, miguu ni ya bolti, na tulikuwa watu wawili. Tumekwenda, mama kawekewa oksijeni, mtoto kachunguzwa, wako kwa bibi yao Kikwajuni. Mie kichwa kilikuwa kizito tu. Jiko nimelizima.

Sasa mpango mpya, msinikatishe tamaa. Kwa huyo bibi kuna uwanja nyuma, na turubai nimeshakodi. Jiko nataka kuliweka chini ya turubai, mvua isitie maji.

Kibaraza
Kumbe lilikuwepo na bibi mwenye uwanja. Chai haijapoa.

Seredani_Kuu
Turubai ni la wageni. Jiko likae mbali nalo mita tatu, na mbali hivyo hivyo na ukuta, makuti na kamba za nguo. Turubai linashika cheche, na likishuka chini kwa maji linakusanya hewa ileile uliyotoka kuikimbia. Upepo wa kusi umeshaanza, moshi utakwenda kaskazini, basi jiko liwe kaskazini ya turubai. Chini pawe tambarare, miguu isiyumbe, na ndoo ya mchanga mkono wa kulia. Watoto wasicheze upande huo.

Darajani_Kijana
Nyama ni kilo 6. Makaa kiasi gani?

Seredani_Kuu
Kilo 4. Mbili na nusu za kuanzia, zilizobaki ziwashe kwenye kopo pembeni, uongeze yakiwa yameshavaa majivu. Kaa bichi ukilitia juu ya moto linatoa moshi na kupoza nyama. Chagua linalolia kama chuma ukiligonganisha, na vijinga vya kahawia visivyoiva vitupe. Makaa ya masika yana unyevu, yanapasuka na kurusha cheche, basi gunia liinue juu ya mbao tokea leo. Choma kwa mafungu, mishkaki 20 kwa mara, dakika 10 hadi 12, ukigeuza kila dakika mbili. Ukiazima kipimajoto, katikati ya nyama kisome nyuzi 63, kisha ikae dakika tatu. Ukichanganya na kuku, kuku mpaka 74.

BintiWete
Iliyoiva itie kwenye hotipoti safi. Usiirudishe kwenye sinia la mbichi. Nimeona akika ngapi watu wanaharishwa na sinia.

Darajani_Kijana
Na mvua ikinyesha katikati?

Fundi_Bati
Funika kifuniko, matundu ya chini na la juu yabaki wazi, makaa yatakaa hai. Nyama ya upande mtupu itaendelea kuiva. Usilisogeze jiko barazani hata kwa dakika tano, likiwa na moto halibebwi. Mvua ikizidi, wageni wale wali na mchuzi kwanza.

Ukimaliza, ziba matundu yote, yatajizima. Majivu usiyatie kwenye pipa la taka la plastiki usiku huohuo, yanabeba moto hata siku mbili. Yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena, ndipo uyatie kwenye debe la bati.

Kibaraza
Huko Kikwajuni ni nyumba ya ngapi kutoka barabarani? Nauliza kwa ajili ya uchunguzi.