Mikutano inakula asubuhi yetu, naomba ushauri

Wapendwa, habari za kazi? Niko Lubumbashi, naongoza timu ya watu saba. Wawili wako Kolwezi, mmoja Kinshasa. Kila siku tunakutana saa tatu asubuhi, na kwa mwenzetu wa Kinshasa ni saa mbili tu, maana wako nyuma yetu kwa saa moja. Mkutano wa dakika 15 unakula saa nzima: umeme unakatika Kolwezi, tunangoja, mtu anarudi, tunaanza upya.

Nilitaka kila mmoja aandike kwa muda wake: amemaliza nini, amekwama wapi, anangoja nini kwa nani. Tukajaribu WhatsApp. Siku ya tatu mtu akatuma sauti ya dakika 9, na katikati yake kulikuwa na ombi la kusaini hati ya mafuta. Sikulisikia. Dereva akalala Likasi, tangi tupu. Iliniuma sana.

Mama wa uhasibu anasema tusipoonana tutaachana. Namwelewa, salamu kwetu si kitu kidogo.

Nyinyi mmebakiza mambo gani kwenye mkutano? Na mnafanyaje ili jambo la haraka lisizame katikati ya ujumbe?