Wiki 3 nasafisha mipaka ya mitaa, jamaa kabonyeza kitufe kimoja halafu anasema nilichora na usingizi

Mzee wa Mipaka (mleta uzi)

Wakuu leo sina salamu. Natype nikiwa ndani ya mwendokasi nimebanwa mlangoni hata kushusha mkono siwezi, ila nisipoandika sasa hivi hii kitu nitalala nayo.

Jamaa mnamjua. Sitaji jina na msinilazimishe. Yeyote aliyewahi kugusa kazi ya ramani hapa Dar ameshakaa naye meza moja, yule wa laptopu mbili, kila kikao kiti cha mbele, akishika maiki chai ya saa nne inanyweka saa kumi. Huyo huyo.

Leo ukumbi umejaa, projekta imewaka, wenyeviti wa mitaa wamekaa, wajumbe wamekaa, akazumu kwenye ramani yangu akasema "hii mipaka imechorwa na mtu mwenye usingizi". Watu wakacheka. MTU MWENYE USINGIZI. Mimi!

Sikilizeni. Yale mafaili ya mitaa ya Tandale niliyapokea kila mtaa umechorwa na mtu wake. Mtogole kachora huyu, Pakacha kachora yule, Kwa Tumbo mwingine kabisa, mpaka ni mmoja lakini kila mtu kaupitisha anavyojua, mmoja katikati ya uchochoro, mwingine kwenye kuta za nyumba, mwingine kafuata Mto Ng'ombe ulivyokuwa kabla maji hayajahama. Ukiangalia kwa mbali pametulia. Zumu sasa. Huku poligoni (maumbo ya mitaa) zimelaliana, kule kuna gepu, katikati vile vipande vyembamba kama maganda ya muhogo, sliva, nilihesabu zaidi ya 400 nikaacha. Na Tandale nyumba zimebanana, ukiacha gepu la mita 3 kuna bibi wa watu anaishi humo hana mtaa, na pale palipolaliana kuna familia imehesabiwa mara mbili. Hiyo sio rangi ya kwenye skrini, ni watu.

Nimefanya nini? Nimehamisha leya zote kwenda UTM 37 kusini, mfumo wa koordineti wa mita badala ya digrii, ili nipime kwa mita. Nikasnepi veteksi, yaani nukta za mpaka zilizokaribiana nikazinasisha pamoja, kwa nusu mita, sio zaidi maana ukizidisha unaunganisha nyumba na choo cha jirani. Vipande vidogo nikaviondoa kwa v.clean, zana ya programu ya ramani ya GRASS, kila kimoja kikaingia kwa jirani anayegusana naye mpaka mrefu zaidi. Vile vikubwa sikuiachia mashine. Nilienda. Kwa miguu, na mzee mmoja mwenyekiti wa mtaa ana miaka sijui sabini, ananionyesha hapa palikuwa na mwembe ndio mpaka wetu, hapa ukuta ulibomoka, tumetembea naye kwenye matope siku nne mpaka ndala yake ikakatika.

Huyo mzee leo alikuwa ukumbini. Alikuwa amekaa mstari wa pili wakati jamaa anasema usingizi. Akainamisha kichwa.

Na mipaka aliyoizumu sio yangu! Alichukua faili langu safi, akasema zito halifunguki kwenye simu ya mheshimiwa, akalirudisha kwenye digrii, akabonyeza kurahisisha mistari, toleransi (mstari unaruhusiwa kuhama kiasi gani) akaweka 0.001 kwa sababu anaona sufuri ni nyingi basi ni kitu kidogo. Digrii moja hapa kwetu ni kama kilomita 111. Kwa hiyo 0.001 ni mita 111. MITA 111 ndani ya Tandale!! Unafuta uchochoro, unafuta kona za mto, unafuta msikiti na duka la Mangi. Gepu zote zikarudi na watoto wao. Halafu anaziangalia anasema usingizi.

Kobe wa Buguruni

Daah pole sana mkuu. Namjua. Mimi aliniambia kazi yangu ya mwezi mzima ni "ya kuvutia lakini tuifanye upya", na alikuwa ameishika karatasi kichwa chini.

Chatu Mpole

Mleta uzi unalia nini sasa, kosa lako. Nani alikwambia umpe faili? Umemkabidhi fisi bucha halafu unauliza nyama. Ungempa picha ya ramani basi, picha haina veteksi za kuharibu. Na bakapu huna?

Mzee wa Mipaka

@Chatu Mpole bakapu ipo, tatu. Faili halijanitoa machozi. Nimesema alisema mbele ya yule mzee. Wewe umetembea na mtu siku nne kwenye matope halafu anasikia ulikuwa unasinzia, kesho nikirudi kwenye mtaa wake naanzia wapi?

Binti Vekta

Ngoja niongezee maana wengi mtarudia kosa hilo hilo. Hata angeweka mita 2 bado ingepasuka. Ile njia ya kurahisisha mistari ya Douglas na Peucker ni ya mwaka 1973, imetengenezwa kwa ajili ya mstari, haijui kama una jirani. Kitufe kile kinashika poligoni moja moja. Mtaa A unaanza kuhesabia veteksi kona hii, mtaa B unaanza kona ile, mpaka wao ni mmoja lakini kila upande unabakiza nukta zake, lazima zipishane. Sheipfaili lenyewe, hili faili la ramani tunalorushiana, halitunzi ujirani, mpaka wa pamoja umeandikwa mara mbili, kila poligoni na nakala yake. Tumieni v.generalize ya GRASS au programu ya mapshaper, zile zinaujua mpaka wa pamoja, zinaurahisisha mara moja kwa wote wawili. Nimefundisha hiki kitu mpaka sauti imekauka.

Mtu wa Tabata

Mkuu pole ila yako ndogo. Sisi kuna mtu katupa koordineti za Arc 1960, datamu (msingi wa kupimia koordineti) ya zamani, kijana akazifungua kama WGS84, datamu ya GPS. Tumeenda saiti na vigingi, kiwanja kimeruka kama mita 300 kiko katikati ya nyumba za watu. Mama mmoja katutolea mwiko wa ugali, tumekimbia tukaacha na kigingi. Nusu mita zako mimi ningezibusu.

Chatu Mpole

Sasa @Mtu wa Tabata wewe ni mpimaji hujaangalia datamu kabla ya kwenda saiti? Huo mwiko ulikustahili.

Mtu wa Tabata

Datamu haikuandikwa popote!! Faili limekuja bila .prj, kile kifaili kinachosema koordineti ni za mfumo gani. Ungejuaje wewe?

Salenda Bridji

Wewe umepata lote ukakosa .prj tu unalalamika. Mimi bosi ananitumia .shp peke yake. Kwenye WhatsApp. Namwambia mzee nahitaji na wenzake .dbf na .shx, bila hizo sheipfaili halijakamilika, anajibu "nimeshakutumia faili fungua". Nikamwomba tena kwa adabu zote, shikamoo mzee, akanitumia .shp ile ile mara ya pili. Akafuatisha na voisi noti ya dakika 6.

Kobe wa Buguruni

Dakika 6 daah.

Mzee wa Mipaka

Jamani turudi kwenye mada. Usingizi. Aliponimalizia alinipa maiki eti "kijana ujitetee", nikataka kufungua faili langu la kwanza waone, akasema muda umeisha twende chai. Mzee wangu hakunywa chai. Aliondoka na fimbo yake.

Binti Vekta

Mpigie simu kaka. Usisubiri kesho. Nenda na laptopu mpaka kwake umwonyeshe faili zote mbili, lako na lile lililokatwa, ule mwembe wake atauona mwenyewe ulipopotea. Wazee wanaelewa.

Mzee wa Mipaka

Nashuka Kimara sasa hivi. Nampigia.

Jogoo wa Gongo la Mboto

Kwenye kulalamika msinisahau. Nani alisema jina la safu kwenye sheipfaili liwe herufi 10? Nimeandika "jina_la_mwenyekiti" na "jina_la_mwanachama", vyote viwili vikakatwa vikawa "jina_la_mw". Sijui tena nani mwenyekiti nani mwanachama, na fomu za karatasi zimelowa.

Salenda Bridji

Hamia GeoPackage, faili moja tu na halikati majina, uachane na mateso.

Jogoo wa Gongo la Mboto

Bosi hataki. Anasema anataka "faili la kawaida".

Chatu Mpole

Bosi huyo huyo wa laptopu mbili?

Jogoo wa Gongo la Mboto

Huyu ana moja. Ila mbaya zaidi.

Mgeni Njoo

Samahani wakuu kwa kuingilia, kuna mwenye mipaka ya kata iliyotumika sensa ya 2022? Nahitaji Temeke na Kigamboni tu, nina asaimenti Ijumaa.

Mtu wa Tabata

Ninayo. Ila kabla ya kuitumia kagua gepu na uangalie projeksheni.

Kobe wa Buguruni

Na mimi nitumie mkuu, yote ya Dar.

Salenda Bridji

Na mimi. Tafadhali iwe zip, sio .shp tupu.

Mtu wa Tabata

Wekeni imeili inbox, hapa msijaze uzi. Nipo kwenye foleni Ubungo, nikifika home nawatumia.